Barafu na Trei ya Karoti

Kisa hiki hakuna atakayekiamini, na mjomba anayekiandika wala hajali. Ameshazoea. Aliwahi kuwaambia watu kwamba aliendesha lori kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshikilia mlango uliong'oka, wakacheka. Akawaletea mlango wenyewe, wakasema ameuokota. Safari hii hana hata mlango wa kuonyesha. Ana karoti tu, na karoti zenyewe zimeliwa.

Lakini ni kweli tupu kwamba mpwa wake, binti ambaye mikono yake hunuka thina ya kuyeyushia rangi, aliingia nyumbani kwa mama yake Jumapili moja na trei ya karoti, na kabla watu hawajainuka mezani mama mtu akatamka maneno mawili ambayo ukoo mzima huyangoja kama watoto wanavyongoja kengele ya kwenda nyumbani. Mjomba alikuwepo. Alikaa karibu na mlango, kwa sababu za kiusalama.

Na kabla hatujafika mbali, ijulikane kwamba mjomba huyo aliacha shule mapema. Hakushindwa yeye. Walimu ndio walioshindwa.

Haya. Huyu mpwa wanamwita Barafu. Mchana ni fundi wa kupiga rangi magari, na si fundi wa kubahatisha. Ukimletea gari lililokwaruzwa na nguzo, lililoparuzwa na pikipiki, lililochorwa na watoto kwa msumari, atakurudishia ukitazama mlango ujione na meno yako yote. Gerejini wanamwita Fundi Rangi na wanaume wenye ndevu humpisha njia. Lakini akivuka kizingiti cha mama yake, ufundi wote unabaki nje na viatu. Ndani ya nyumba ile yeye ni Barafu, kwa sababu ndicho kitu pekee anachoruhusiwa kuleta mezani.

Mama yao alipikia bweni la wanafunzi maisha yake yote ya kazi, mpaka akastaafu. Siku hizi kila Jumapili ya mwisho ya mwezi huwaita watoto wake watatu, na kila mtoto ana kazi yake. Kaka mkubwa, muuza matairi, huleta kuku wa kuoka. Dada wa kati, mwalimu, huleta wali. Kitindamimba huleta barafu ya vinywaji, iliyofungwa mafundo mawili kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku, harufu ya rangi isipenye. Yale mafundo mawili yana historia. Zamani, alipoanza kazi gerejini, alikanda unga wa mkate bila kunawa vizuri. Mama akamega, akatafuna, akauweka chini polepole kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota.

"Mkate huu," alisema, "umepigwa rangi."

Basi. Tangu siku hiyo, barafu. Miaka ikapita, mikono ikasuguliwa kwa limau na chumvi mpaka ikachubuka, lakini pua ya mama ikishanasa kitu haikiachii.

Na mama huyo hasifu chakula. Hajawahi. Hatakwambia "kitamu" hata umwekee asali ya peponi. Akipenda, anafuta mdomo, anatazama sahani, anauliza: "Kuna nyingine?" Maneno mawili. Kaka mkubwa aliyapata zamani kwa ajili ya kuku, na mpaka leo anatembea kifua mbele. Dada aliyapata kwa ajili ya wali, na akishikwa na huzuni huyakumbuka akatabasamu peke yake. Barafu hajawahi kuulizwa. Nani anaulizwa kama kuna barafu nyingine?

Anacheka wenzake wakimtania. Lakini mjomba, mwenye jicho kali kuliko daktari wa macho, alishamwona jikoni kwa mama akisimama pembeni, mikono ameificha nyuma, anatazama wenzake wakikoroga sufuria.

Sasa sikia mambo yalivyoanza.

Mteja mmoja, mama mcheshi aliyejaa mwili, mpishi wa hoteli, alirudisha gari nyuma kwa haraka akabusu nguzo. Gari lenyewe rangi ya chungwa. Barafu akalinyoosha, akalipaka puti ya kuziba mabonde, akalisugua kwa msasa wa maji, akamwagia sakafu maji ili vumbi lilale, akalipiga rangi tabaka kwa tabaka, akamalizia vanishi. Mwenye gari alipokuja kulichukua, akasimama mdomo wazi.

"Ee, fundi! Huu mlango umeupaka au umeuoka?"

"Nimeupaka, mama. Usiuguse bado."

"Mbona unang'aa kama karoti zangu?"

Barafu akadhani anataniwa. "Karoti zinang'aaje, mama?"

"Hujawahi kula karoti za oveni zilizopakwa rojo la matunda? Maskini mtoto wa watu! Sogea hapa."

Na pale pale, katikati ya madebe ya rangi, mpishi akampa mapishi yote huku mikono inapaa hewani. Karoti unazimenya, unazikata ndefundefu. Unazipaka mafuta na chumvi, unazisukumia kwenye oveni yenye moto mkali mpaka zilainike na kingo zianze kugeuka kahawia. Pembeni unachemsha maji ya nanasi na ya chungwa, asali kidogo, tangawizi kidogo, mpaka yawe mazito yang'ang'anie mwiko. Mwishoni unazipaka lile rojo, unazirudisha motoni kidogo. "Zikitoka hapo," alisema mpishi, "hata aliyeapa hali mboga anavunja kiapo."

Alichosikia Barafu ni hiki: kuandaa, kupaka, kuchoma, kupaka tena, kuchoma tena. Mbona hiyo ndiyo kazi yake! Anaifanya kila siku ya Mungu! Dunia nzima imekuwa ikila karoti zilizopigwa rangi na hakuna aliyemwambia?

Kuna neno moja tu lililoingia sikio hili likatokea sikio la pili. Mafuta. Kwa fundi rangi mafuta ni adui. Tone moja likigusa bati, ukipiga rangi inakimbia, inaacha vishimo vya mviringo ambavyo mafundi wanaviita macho ya samaki, na kazi yote unaanza upya. Mtu aliyezoea kufuta mafuta asubuhi mpaka jioni, ukimwambia apake mafuta kwanza, ubongo wake unalitupa neno hilo kabla halijakaa.

Jioni ile ile akampigia mama simu.

"Mama, Jumapili hii naleta chakula."

Kimya. Kimya cha mtu aliyepikia bweni.

"Chakula gani?"

"Karoti, mama. Za oveni."

Barafu akasikia mama akisogeza kikombe mezani.

"Sawa, mwanangu," alisema mama. "Usisahau barafu."

Jumamosi mjomba akapita kwa Barafu kwa bahati tu. Hakuambiwa na mtu kwamba kuna kuonja. Pua yake ndiyo iliyombeba. Akamkuta mpwa wake katikati ya jiko dogo, amefunga kitambaa kichwani kama yuko kazini, karoti zimepangwa juu ya gazeti kwa saizi. Mbele yake, oveni. Hiyo oveni nayo ina maajabu yake. Aliinunua kuukuu, imeshika kutu, na kabla hajawahi kupasha hata kipande cha mkate ndani yake akaipiga rangi nyekundu, ile isiyobabuka kwa moto wanayopaka kwenye bomba la moshi la gari. Oveni iling'aa kuliko gari la zimamoto. Mlango wake tu ndio uliokuwa haufungi, akaufungia waya.

"Karibu, Mjomba. Usiguse kitu."

"Nitagusa nini? Nimekuja kukusalimia."

"Umekuja na kijiko mfukoni?"

Mjomba akakirudisha kijiko ndani kidogo.

Ungemwona binti akiandaa zile karoti ungecheka mpaka ushike mbavu. Akazimenya zikawa laini kama sabuni. Akazifuta kwa kitambaa safi. Akaigeuza kila moja kwenye mwanga wa dirisha kutafuta kasoro. Kisha akainama akazipuliza vumbi, vumbi ambalo halikuwepo.

"Kwa nini tusizipeleke gereji," mjomba akashauri, "chini ya zile taa kubwa za kukaushia rangi? Zitaiva mara moja."

"Mjomba! Unataka kuua ukoo mzima?"

"Si wote. Kaka yako tu, anajisifu sana na yule kuku."

Barafu akacheka, akazisukuma karoti ovenini zikiwa kavu kabisa, safi, bila tone la mafuta. Hakuweza kungoja. Baada ya muda mfupi akalimimina lile rojo la nanasi lote kwa mpigo, akafunga waya, akakaa chini mbele ya oveni kama mtoto mbele ya runinga.

Zilipotoka, mjomba, ambaye amekula chakula cha kila aina na hajawahi kukataa, alisita. Karoti zilikuwa zimesinyaa, zimejikunja, zina ngozi kama vidole vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Juu yake rojo limeungua jeusi, na chini ya trei limeganda kama lami. Mjomba akachukua moja kwa ujasiri. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Akatafuna tena.

"Vipi?" Barafu akauliza, macho yamemtoka.

"Ina nguvu," akasema mjomba. "Ingefaa kuwa mkanda wa feni."

Sasa hapa hakucheka mtu. Barafu akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, akatazama mikono yake, kucha zenye mstari wa rangi ya bluu usiotoka hata kwa limau.

"Labda mama anasema kweli," alisema. "Labda mikono hii ni ya mabati tu. Nitapeleka barafu."

Mjomba, ambaye moyo wake ni laini ingawa anauficha ndani ya tumbo, hakujua la kusema. Na alipokosa la kusema akafanya anachofanya kila akikosa la kusema: akatoa kichupa cha mafuta ya kujipaka mfukoni, akaanza kujipaka kiwiko. Kiwiko chake hupauka sana.

"Unafanya nini, Mjomba? Watu wako msibani hapa."

"Najipaka. Nisipojipaka nakauka kama karoti zako. Ngozi nayo si bati."

Barafu akainua kichwa. Akatazama kile kiwiko. Akatazama karoti. Akatazama kiwiko tena, namna ambayo hakuna aliyewahi kukitazama kiwiko cha mjomba, hata marehemu mkewe.

"Rudia."

"Nini?"

"Ulichosema!"

"Nimesema nakauka kama..."

Binti akaruka juu ndoo ikaanguka. "Mpishi aliniambia! Alisema mafuta! Aliyataja kwanza kabisa, mimi nikayafuta! Karoti si bati, Mjomba! Bati halina maji ndani, karoti ina maji, yanakimbia! Mafuta ndiyo yanayoyazuia!" Akamshika mjomba mabega akamtikisa mpaka kofia ikamwangukia puani. "Nilizifuta mafuta kama mlango wa gari!"

"Mimi ndiye niliyegundua," mjomba akasema kutoka ndani ya kofia.

Wakakimbilia sokoni, karoti nyingine, nanasi jingine, machungwa mengine. Barafu alikuwa akitembea mbele kwa kasi mjomba akawa kama mkia. Waliporudi, akafanya kazi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mafuta kwanza, chumvi, karoti zikateleza zikang'aa hata kabla ya moto. Ovenini. Moto mkali. Harufu tamu ikaanza kupenya kwenye waya wa mlango.

Na rojo? Hapo ndipo alipoonyesha kwamba miaka ya gerejini haikwenda bure. Lile la kwanza alilimwaga lote, bichi, kwa pupa. Safari hii akalichemsha polepole, akawa analijaribu kama anavyojaribu rangi: anachovya kijiti, anakiinua, anatazama linavyodondoka. Likidondoka kama maji, bado. Likivuta uzi, limezidi. Akalipata katikati, akatabasamu.

Kisha akatoa kikaango kidogo, akapanga ndani vipande vya karoti vilivyoiva.

"Hivyo vya nani?" mjomba akauliza, kijiko kimeshatoka.

"Vya majaribio. Viache."

Mafundi rangi wana desturi yao. Kabla ya kugusa gari la mtu, unapiga rangi kibati cha pembeni kwanza uone inavyokaa. Na kibati hicho hakitupwi, hata gari likiisha, mpaka mwenye gari aje, alitazame, aseme nimekubali. Barafu akapaka vipande vya kwanza tabaka moja la rojo kwa brashi mpya kabisa, akavirudisha motoni. Vingine akavipa matabaka mawili, akingoja la kwanza lishike kabla ya kuweka la pili. Vya mwisho matatu. Vile vya matabaka matatu vilipotoka, mwanga wa dirisha ukakaa juu yake kama umealikwa.

Akaonja kimoja. Akafumba macho. Akaanza kucheza. Peke yake, bila muziki, brashi mkononi, akaizunguka oveni nyekundu, naye mjomba akacheza pia, vizuri zaidi.

Jumapili asubuhi akaoka trei nzima, matabaka matatu. Akaifunika. Akachukua sanduku la barafu kama kawaida, na kwa mazoea ya kazi akakiweka kile kikaango cha majaribio, nacho kimefunikwa, juu ya barafu. Hakufikiri. Mwenye gari hajakubali bado, kibati hakitupwi.

Mlangoni kwa mama, kaka mkubwa alimpokea na kuku wake wa kujisifu.

"Karibu, Barafu! Leo umekuja na silaha gani?"

"Utaona, Kaka."

"Harufu nzuri. Ni dawa ya kuulia kutu?"

"Ni dawa ya watu wanaojisifu kwa kuku mmoja miaka yote."

Dada mwalimu akaangua kicheko. Mama akatoka jikoni anafuta mikono. Alimshika binti yake mkono, akauinua, akaunusa. Mama akauachia.

"Limau," alisema, akaenda kukaa.

Mezani trei ikafunuliwa. Karoti zimelala upande mmoja zote, rangi ya chungwa iliyoiva, kingo za kahawia, zinang'aa ukajiona na meno yako.

"Hizi ni karoti au ni vyombo vya duka?" dada mwalimu akauliza.

"Zipitishe," akasema Barafu. Sauti ilitoka ndogo.

Sasa, nyumba ile ina utaratibu. Chakula kipya huanzia kwa wageni, kinazunguka kwa watoto na wajukuu, mama anachukua wa mwisho. Kila mtu anajua, kila mtu huacha za kutosha. Siku ile utaratibu ulivunjika. Dada akachukua mbili, akauma moja, akaongeza mbili nyingine bila kuangalia mtu usoni. Wajukuu, ambao karoti kwao ni adhabu, wakapigania. Kaka mkubwa akachukua moja kwa dharau, akaitafuna, akanyamaza kama mtu aliyepigiwa simu ya ghafla, kisha akavuta trei kwake. Mjomba alichukua chache sana.

Trei ilipofika kwa mama, ilikuwa na karoti moja.

Barafu aliiona. Moja! Na nyembamba kuliko zote! Akataka kuinyakua trei, akaogopa. Mama akaichukua kwa uma, akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha jinsi yule binti anavyotazama. Hapo ndipo Barafu alipojua alikotoa tabia hiyo.

Mama akaila. Polepole. Mtoto mmoja alitaka kusema, dada akamziba mdomo. Mama akafuta midomo. Akatazama trei tupu.

"Kuna nyingine?"

Yametoka! Maneno yale yametoka! Kaka mkubwa akaweka uma chini. Barafu akafungua mdomo, na badala ya furaha akahisi ardhi inakimbia. Amengoja maisha yake yote kuulizwa, na jibu ni hapana. Zimeliwa zote na hawa majambazi anaowaita ndugu.

"Mama, zime..."

Akakatika. Macho yakaenda kwenye sanduku la barafu kando ya mlango, karibu na mguu wa mjomba.

"Zipo!" akapiga kelele. "Zipo, Mama! Mjomba, ondoa mguu!"

Akalikimbilia, akafungua, akatoa kikaango juu ya barafu, akakiweka mbele ya mama yake, akakifunua. "Zimepoa. Ni za majaribio. Hizi nimepaka mara moja. Hizi mara mbili. Hizi mara tatu, kama zile za kwenye trei. Gerejini hatutupi mpaka mwenye gari akubali."

Mama akatazama vipande vile katika safu zake. Akachukua cha kwanza, akakitafuna, akatikisa kichwa. "Rojo limepita tu hapa, halikukaa."

"Ndiyo. Halijashika."

Akachukua cha pili. "Hapa limekaa, lakini halina sauti."

"Ndiyo, Mama."

Akachukua cha tatu. Akala. Akachukua kingine cha tatu. Kikiwa bado mdomoni akaushika tena ule mkono wa binti yake, akautazama ule mstari wa bluu kwenye kucha, kwa muda.

"Unangoja tabaka la kwanza likauke ndipo unaweka la pili?"

"Lishike kidogo. Likikauka kabisa, la pili linabanduka."

"Na gari nalo hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mimi nilidhani mnamwagia tu," alisema mama. Akasogeza kiti chake, pakawa na nafasi ya mtu mmoja kando yake, upande wa jikoni. "Kaa hapa. Mwezi ujao lete trei mbili, ndugu zako hawana adabu."

Nyumba ikalipuka! Dada akapiga makofi juu ya meza vijiko vikaruka. Kaka mkubwa akainuka akatangaza kwamba amekubali gari. Barafu akacheka na kulia kwa pamoja, pua inamtoka, hakujifuta, mikono yote miwili ilikuwa ndani ya mikono ya mama.

Kisha dada mwalimu akauliza swali la kiualimu: "Sasa barafu ataleta nani?"

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo mambo yalipofika kilele. Ukoo wote ukamgeukia mjomba kwa heshima kubwa. Mama akasimama, akasema bila kiwiko cha ndugu yangu huyu karoti zisingekuwepo. Kaka mkubwa akambeba mjomba begani akamzungusha sebule nzima. Majirani waliposikia shangwe wakaja, wakapanda juu ya ukuta wapate kumwona japo kwa mbali, na mama akatamka mbele yao wote kwamba kuanzia leo mjomba hatabeba kitu chochote kuja katika nyumba hii, atakuja mikono mitupu kama mfalme, na...

"Mjomba."

Barafu amesimama nyuma ya kiti cha mjomba anayeandika, trei mbili za mwezi huu zimefunikwa mikononi, anasoma kupitia begani.

"Mikono mitupu?"

"Nilikuwa nafafanua."

"Na hicho kinachovuja miguuni pako ni nini?"

Chini ya meza, mfuko wa nailoni wenye mafundo mawili umeanza kutengeneza dimbwi, na dimbwi limeufikia ukurasa wa kwanza uliodondoka.

"Mama alisema barafu ataleta nani? Andika."

"Nilikuwa nakaribia hapo, mwanangu. Usinikatishe. Nimalizie tu pale majirani mia na kitu walipopanda ukuta..."

"Kwa Mama hakuna ukuta, Mjomba. Kuna waya wa kuanikia nguo."

"Ndiyo, basi wakapanda waya, wote mia, wakajipanga kama njiwa, na yule wa mbele akavua kofia akasema Mjomba, sisi..."